Kwale Anayekohoa

Vijana wangu, mlipokuja kwangu Nzuguni na kreti ya soda na mkate mkubwa, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kuongoza watazama ndege, mkasema ziwe za kutia moyo. Nimejaribu. Nimekaa mezani siku nne, na kila nikianza kuwatia moyo mkono unaandika maneno mengine kabisa. Kwa hiyo mtapata nilicho nacho, nacho ni hasira. Mkitaka kutiwa moyo, semina ziko tele hapa Dodoma, tena zina chai na maandazi.

Nianze na mwezi uliopita, maana ndio uliotumbua jipu. Mlinialika twende wote kwenye ile loji ya msituni, kwenye milima ya kule juu ya Mpwapwa, mkaniita mgeni wa heshima. Mlinipa kiti cha mbele kwenye basi, mkanibebea begi, mkanipa shikamoo asubuhi na nyingine mchana kana kwamba ile ya asubuhi imeisha nguvu. Kwa hilo sina neno, mmelelewa.

Asubuhi ya pili, mwanga ukiwa ndio kwanza unapenya kwenye miti, tulipanda mgongo wa kilima ulio nyuma ya loji. Mkaweka spika juu ya kisiki, kitu kidogo kama kopo la maziwa ya unga, mkaiunganisha na simu, mkaanza kupiga sauti ya kwale wa msituni. Nikisema kwale, asije mtu akadhani ni huyu wa kwetu anayekimbia mbele ya baiskeli kwenye mashamba ya uwele. Huyu ni wa misitu ya milimani tu. Anatembea chini, kwenye majani makavu na giza la miti, na ana aibu kuliko bibi harusi wa zamani. Watu hupanda ndege kutoka bara jingine kuja kumsikia, na kumwona wanamwachia Mungu. Kwenye mgongo ule wa kilima ilikuwako jozi moja tu tuliyoijua.

Mlipiga ile sauti dakika arobaini bila kupumzika. Mara, ng'ambo ya bonde, akajibu. Mmoja wenu alikaa chini kwenye tope akalia, wengine mkakumbatiana. Mkapiga tena, akajibu tena, safari hii karibu zaidi. Neema, wewe ndiye uliyenigeukia machozi yanakulengalenga ukanong'ona, "Bibi Foibe, umemsikia?"

Nilimsikia, mjukuu wangu. Nilimsikia akikohoa.

Kwenye sauti ile, baada ya mwito wa saba, kuna mtu anakohoa. Ni kikohozi kidogo, cha mtu aliyejizuia akashindwa. Kilitoka kwenye spika yenu, na baada ya kitambo kifupi kikatoka ng'ambo ya bonde. Sasa niambieni, kwale gani anakohoa? Ng'ambo kulikuwa na kundi jingine lililolala loji ile ile, wale watu wa maofisini wenye fulana zinazofanana. Nao walikuwa wameweka spika yao kwenye kisiki chao na wanapiga sauti ile ile. Walipowasikia ninyi wakadhani wamempata, wakasogea. Ninyi mkasogea. Mlikuwa mnaitana simu na simu, bonde zima mmelijaza kelele, na ndege wa kweli hakuwapo hata mmoja.

Niliwaambia, "Zimeni." Mkadhani nimechoka, mkaniletea kiti cha kukunja.

Kwenye kifungua kinywa kiongozi wa wale wengine alisimama akatangaza kwamba wamempata kwale. Ninyi mkapiga makofi, mkatangaza kwamba na ninyi mmempata, nao wakapiga makofi. Meneja akaleta daftari la loji, lile kubwa la mapokezi ambamo kila ndege anayesikika huandikwa na siku yake. Ikaandikwa mistari miwili: kwale, upande wa mashariki, kwale, upande wa magharibi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Na mimi, mgeni wa heshima, nilipaka siagi kwenye mkate wangu nikala.

Hilo la mwisho ndilo linalonichoma. Ninyi ni watoto, mlidanganywa na kopo. Mimi nilikuwa najua, tena kikohozi kile nakijua kuliko nilivyokijua cha marehemu mume wangu, na yeye alivuta sigara miaka thelathini. Mtaona kwa nini.

Lakini acha kwanza niseme mambo ya kazi, maana ndiyo mliyoniomba, na hasira isije ikanisahaulisha wajibu.

Suruali iingizeni ndani ya soksi. Siafu hawabagui mgeni na mwenyeji, na siku moja mama mmoja mzito wa cheo, ambaye asubuhi alikuwa amekataa ushauri wangu kwa dharau, alivua suruali mbele ya kundi zima. Nilishika khanga nikamkinga, na nikiri kwamba nilicheka huku nimemkinga. Biskuti za karatasi inayopiga kelele ziacheni kwenye basi. Manukato yaacheni Dodoma. Mgeni akiuliza jina la ndege na hulijui, sema hulijui. Hii ni dawa chungu, lakini aliyekwisha kudanganya kuhusu ndege mmoja mbele ya wageni atadanganya na kuhusu wa pili ili kumlinda wa kwanza.

Na msielekeze ndege kwa saa. Nilifundishwa hivyo na kitabu: yaani mti ufanye kama uso wa saa, useme ndege yuko saa tatu. Nilisema hivyo kwenye kundi lililochanganya wazungu na watu wetu. Wazungu wakatazama kulia, ilipo namba tatu. Watu wetu wakatazama kushoto, maana saa tatu ya asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa. Ndege akaruka katikati yao, hakuna aliyemwona, wakabaki wakilaumiana. Tangu siku hiyo nasema tu, "Tazama tawi lililovunjika, panda nalo."

Haya yote, isipokuwa la saa, nilifundishwa na mtu mmoja, naye hakuwahi kumwona ndege tangu alipokuwa na miaka mitano. Anaitwa Yona. Ni Mgogo wa Mvumi kama mimi. Surua ilimpofusha angali mdogo, akapelekwa shule ya wasioona pale Buigiri, akasoma, akajua maandishi ya nukta nundu na kinanda cha kanisani. Loji ilipofunguliwa kaka yake aliajiriwa ulinzi, akaenda naye. Mimi wakati huo nilikuwa mpishi. Tulikuwa watu wa nchi kavu, tumekulia kwenye vumbi na miiba, na msitu ule wenye maji yanayodondoka bila mvua ulitutisha. Miezi miwili ya kwanza nililala na koti.

Yona alikuwa anakaa barazani baada ya chai, mikono magotini. Wageni walikuwa wanamwonea huruma, wanampa pipi. Kisha siku moja mgeni mmoja akiwa anahangaika na darubini, shingo imekakamaa, Yona akamwambia kwa upole, "Bwana, uliyemlenga ameondoka zamani. Sasa hivi kuna ndege chozi wawili kwenye maua upande wa tangi, na yule ndege mkubwa, shorobo, yuko juu ya paa lako." Mgeni akageuka. Shorobo alikuwa juu ya paa. Kuanzia hapo walimtoa barazani wakamwita mwongozaji, na kwa kuwa hakuweza kutembea peke yake kwenye mizizi na mawe, walinitoa mimi jikoni nimtangulie. Alishika mkanda wa begi langu. Mimi nilisema, "Mzizi. Jiwe. Inama." Yeye alisema ndege.

Msidhani alikuwa mtu wa busara tamu. Yona alikuwa mkali, mwenye kejeli, na hakupenda kurudia jambo. Nikikurupuka kutaja jina alinifinya bega. "Sijakuuliza jina, Foibe. Anaita kutoka juu au chini? Ametulia au anatembea? Kuna mwingine anamjibu?" Alisema kila ndege ana ghorofa yake, na asiyejua ghorofa asibishe hodi. Jioni kabla ya chakula alichukua kibao chake na sindano, akatoboa karatasi nukta zake, ndege wote wa siku ile, mahali na hali ya hewa. Kisha mimi nilinakili kwenye daftari la loji kwa wino kadiri alivyonisomea.

Alijua pia kucheka. Kuna kundi lilisikia ndege asiye kwenye kitabu chochote, anayelia kwa vipindi, sauti nyembamba ya kusikitisha, karibu na bustani ya mboga. Wakajipanga nyuma ya migomba na kamera. Nikamtazama Yona, akanifinya bega ninyamaze. Tulikaa kama nusu saa, mpaka mtunza bustani akatokea akisukuma toroli lake lisilotiwa grisi tangu linunuliwe. Yona alicheka mpaka akakaa chini, na wageni nao wakacheka, maana wakati ule tulikuwa bado tunaona aibu ya kukosea kuwa jambo la kuchekwa.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Mgeni mmoja, mwenye mafua, alirekodi kwale wetu kwenye mgongo ule wa kilima kwa mashine nzuri. Mafua ndiyo yaliyoleta kikohozi baada ya mwito wa saba. Alipoondoka alinihamishia ile sauti kwenye simu yangu, zawadi, na mwaka huo mwanangu aliniletea kispika kutoka Dodoma mjini ili nisikilize kwaya jikoni. Kwa hiyo nilikuwa na kwale mfukoni. Yona nilimwambia, akanikataza. Sikilizeni sababu yake, maana ni sababu ambayo hamkuitafuta hata siku moja kabla ya kuweka kopo lenu kwenye kisiki.

Kwale dume anapoita anasema hapa ni kwangu. Ukipiga sauti ya kwale mlangoni pake, unamwambia amekuja dume mwingine kumnyang'anya. Ataacha kula, na jike ataacha mayai, waje wapigane. Dume wa kweli angechoka, angepigwa, angekimbia. Simu haichoki wala haipigiki. Asubuhi baada ya asubuhi adui haonekani na hashindwi, na mwisho wake wenye nyumba wanahama. Yona alisema, "Wewe ungekaa nyumba ambayo kila alfajiri mtu anasimama mlangoni anakutukana kwa sauti ya mume wako?" Nilicheka. Sikuifuta ile sauti.

Likaja kundi la watu kumi na wawili kutoka Dodoma, wafanyakazi wa ofisi mbalimbali walioanzisha umoja wao wa kutazama ndege. Kiongozi wao nitamwita Bwana Shauri, kwa kuwa alikuwa na shauri kwa kila jambo, hata namna ya kupika maharage. Alikuwa amekuja mara mbili akaondoka bila kwale, na darubini yake ilikuwa ya thamani kiasi kwamba aliona kama amekosewa heshima. Meneja aliniita pembeni akaniambia, "Dada Foibe, safari hii wasiondoke bila kwale." Hakumwambia Yona. Alijua angejibiwa nini.

Alfajiri nilitangulia peke yangu, nikaficha kispika chini ya majani ya jimbi kwenye mizizi, nikaiacha simu humo ikipiga. Nia yangu ilikuwa kumsogeza kwale karibu, kisha nirudi kuizima kabla kundi halijapanda. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini Bwana Shauri alikuwa na shauri kwamba waanze mapema, na nilipokuwa nashuka nikakutana nao njiani wanapanda, Yona ameshika begi la mtunza bustani. Nikageuka nikaongoza. Ningefanya nini? Ningeweza kusema. Nawaambia sasa kwamba ningeweza kusema pale pale njiani, na wangecheka kama tulivyocheka toroli.

Tulipofika juu, kwale wangu wa simu akaita. Watu kumi na wawili waliganda. Bwana Shauri alifumba macho kama mtu anayeombewa. Akaita mara ya pili, ya tatu. Wakaanza kupeana mikono. Na Yona, nyuma kabisa, akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Huyo si ndege."

Bwana Shauri aligeuka. "Unasemaje, mzee?"

"Huyo si ndege. Hana pumzi. Ndege akiita mara kumi, mara kumi zinatofautiana. Huyu anarudia ile ile. Halafu anakohoa. Subiri utamsikia."

Mmoja wao akacheka, mwingine akasema labda ni mmoja wetu amekohoa. Bwana Shauri hakucheka. Uso ulimvimba. "Mzee, sisi hapa tuko kumi na wawili, wenye macho na masikio. Wewe peke yako, na unajua hali yako, unatuambia hatujasikia tulichosikia?" Kisha akanigeukia mimi. "Dada Foibe, wewe ndiye mwenyeji. Ni kwale au si kwale?"

Wote walinitazama isipokuwa mmoja. Yona aligeuza sikio lake upande wangu, kama alivyofanya maelfu ya mara akingoja nimwambie mzizi au jiwe.

Nikasema, "Ni kwale."

Yona alishika begi la mtunza bustani akasema, "Nirudishe chini." Waheshimiwa wakaendelea kusikiliza simu yangu mpaka betri ilipoisha, wakasema kwale ametulia sasa, amekwenda kula.

Mchana Bwana Shauri alipeleka malalamiko. Alisema haifai wageni kusahihishwa na mtu asiyeona, kwamba huruma ni jambo jema lakini kazi ni kazi. Meneja alimwita Yona ofisini, dakika kumi hazikufika. Alimwambia anaweza kurudi barazani kuwasalimia wageni. Yona akamjibu kwamba yeye si chungu cha maua. Siku iliyofuata kaka yake alimshika mkono wakashuka mlima na sanduku lake la karatasi zenye nukta. Mimi nilikuwa dirishani jikoni nikiosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Na jioni ile nani aliandika kwenye daftari la loji? Mimi, kwa wino, mwandiko mzuri: kwale, mgongo wa kilima, watu kumi na watatu wamesikia. Nilijihesabu.

Nikawa mwongozaji mkuu. Miaka mingi mmenisikia nikitajwa kwa heshima hapa Dodoma, Foibe wa kwale. Kila kundi lililokuja lilikuwa limesikia kwamba kwa Foibe kwale anapatikana, nami nilikuwa naye koponi. Wenye haraka waliniomba ile sauti niwape, nikawapa. Wakapeana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ina lami na vibao. Mwezi uliopita ilifika mpaka kwenye simu ya mwanafunzi ambaye hakuwa amezaliwa niliposhika begi la kwanza msituni, ikanikoholea usoni.

Baada ya safari yenu nilikaa Nzuguni siku mbili, kisha nikaenda Mvumi. Sikuwa nimekwenda kwake hata mara moja. Nilikuwa nasikia habari zake: anafundisha kinanda, mkewe amefariki, binti yake ni muuguzi. Nilimkuta uani anasuka ukili. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Mbukwa, Foibe," akitumia salamu yetu ya nyumbani. Kumbe hata mwendo wangu alikuwa bado anaukumbuka.

Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza yote bila kupumzika, kuanzia jimbi mpaka siagi kwenye mkate. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa pia, nisiwafiche, anisamehe, na nilikuwa nimekwisha kutoa leso.

Yona akasuka mistari kadhaa. Kisha akasema, "Nilijua ni simu yako siku ile ile. Nilikuwa nimekukataza. Ungeniambia jioni ningekutukana, tukala." Akavuta ukili. "Hayo ni yangu na wewe, yatakaa. Niambie kuhusu kwale. Amesikika lini mara ya mwisho?"

Nilisema amesikika mwezi uliopita, kwa mujibu wa daftari, na mwaka jana mara nyingi, na mwaka juzi. Nikajisikia nikisema.

"Foibe," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, ile ya zamani ya kunifinya bega. "Nakuuliza ndege. Sikuulizi simu. Amesikika lini?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nilikuwa nimechelewa sana kuelewa. Sijui. Hakuna ajuaye. Katika mistari yote iliyoandikwa tangu asubuhi ile, labda ipo ya kweli, labda jozi ile iliishi pale miaka mitano zaidi, labda ilihama wiki ile ile. Hatuwezi kutenganisha. Watu wa idara ya misitu wanakuja, wanasoma daftari letu, wanaona kwale wamejaa tele, wanaandika hali ni nzuri, wanaondoka. Nilidhani nimemdhulumu mtu mmoja na nimewafurahisha kumi na wawili. Kumbe ndege anaweza kuwa amekwisha kwenye kilima kile, na kwa sababu yangu hata msiba wake hauna tarehe.

Yona alimwita binti yake, akaletewa sanduku. Alipapasa karatasi moja baada ya nyingine mpaka akafika ya mwisho kabisa. Kidole kilitembea juu ya nukta. "Siku moja kabla ya wale watu wako," akasema. "Asubuhi, baada ya mvua, chini ya kijito. Wawili. Dume ameita mara tisa, jike amejibu mara tatu." Akaikunja. "Huo ndio mwisho tunaoujua. Mengine yote ni wewe."

Nilimwomba aje nanyi kule juu, mkiwa mmeacha simu na spika Dodoma, akae kwenye mgongo wa kilima asubuhi kadhaa asikilize kama bado yupo. Nilisema nitamtangulia mimi. Alisema kutanguliwa na mimi hapana, atatanguliwa na ninyi. Na akasema hatapanda mpaka mjue kwa nini anaitwa, niwaandikie kwa mkono wangu na jina langu, siyo kwa mafumbo ya mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatatu nilipanda loji. Meneja wa sasa, kijana mstaarabu, alisimama kando yangu akirudia kwamba daftari ni mali ya loji. Nilimwambia aite polisi. Nilianza na mstari ule wa watu kumi na watatu, nikaukata kwa rula, nikaandika pembeni: uongo, Foibe Malogo. Kisha nikafuata kila kwale aliye chini yake, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikafika kwenu. Wenu nimeukata pia, na ule wa jirani zenu. Mkitaka kukasirika, karibuni, mtanikuta nyumbani.

Jumamosi ijayo mnakwenda Mvumi kumchukua. Mzizi, jiwe, inama, na msimwambie jina la ndege asilowauliza. Kabla ya kupanda gari atawauliza ni nani aliyesema ni kwale. Msimung'unye maneno, msiseme ilikuwa zamani, msiseme walikuwa wengi. Nitajeni.